Kura ya Ishirini na Moja

Dada yake mkubwa alimwita Kimya tangu utotoni, na jina likamganda. Siku wazazi wao walipoachana, wazee walimkalisha kwenye kiti wakamuuliza anataka kukaa na nani. Alikuwa na miaka saba. Alitazama vidole vyake vya miguu mpaka mjomba akachoka kungoja. "Basi," mjomba akasema, "kunyamaza nako ni kujibu." Akahesabiwa upande wa baba, na dada akaenda na mama. Tangu hapo hakumlaumu mtu wala hakuchagua kitu. Ukubwani, yeye na dada walipopanga pamoja vyumba viwili nyuma ya duka la vioo, hata rangi ya pazia alimwachia dada.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia. Daktari wa meno, ghorofa ya chini ya karakana yake, alimpelekea alama za fizi na meno ya wagonjwa. Yeye akamimina plasta, akapata taya, akapanga meno juu ya nta moja baada ya jingine. Rafu zilijaa taya nyeupe zilizoachama. Dada alipomletea chakula hakuvuka kizingiti. "Watu wote hawa midomo wazi," alisema, "na hakuna anayekukaribisha."

Kimya alikuwa pia mwanachama wa jukwaa la mtandaoni la mafundi wa kazi hiyo, watu arobaini na mmoja, kila mtu na mji wake, wengi hawajawahi kuonana. Huko walionyeshana kazi, wakagombana kuhusu nta, na mambo mazito wakayapigia kura. Kura ilikuwa na vitufe vitatu: Ndiyo, Hapana, na Sina upande. Ilifungwa saa sita mchana, na haikuwa halali mpaka watu ishirini na mmoja wawe wameitika. Aliyebonyeza Sina upande alihesabiwa kuwa amehudhuria, ingawa hakusema lolote. Walimchagua Kimya awe karani, kwa kuwa hajawahi kuegemea popote. Karani peke yake ndiye aliyeona hesabu kabla ya kura kufungwa. Aliruhusiwa kupiga kura kama wengine, lakini hakupiga hata moja.

Ilimchukua miaka miwili kumgundua Jirani.

Jirani lilikuwa jina tu, bila picha. Hakuwahi kuandika neno. Kura ikifika watu ishirini na tano, hakuonekana. Ikikwama kwenye kumi na tano, hakuonekana pia. Lakini ikisimama kwenye ishirini, dakika moja au mbili kabla ya saa sita, Jirani aliingia, akabonyeza Sina upande, akatoka. Kimya alipekua kura za nyuma zote, na mara kumi na nne ilikuwa hivyohivyo. Hesabu hiyo aliiona yeye peke yake. Alihisi baridi shingoni, kama mtu anayesomewa barua kutoka nyuma ya bega.

Alimpigia simu mwanzilishi wa jukwaa, mtu wa maneno mengi na kicheko cha haraka.

"Jirani?" mwanzilishi akasema. "Ngoja nitazame." Vidole vikasikika vikigonga. "Bi Karani, unanitania. Jirani ni wewe."

"Mimi natumia jina langu."

"Ulijiandikisha mara mbili mwaka ule wa kwanza. Namba ni yako ya zamani, inayoishia na sita sita. Na anaingia kwa simu ileile, mpaka leo."

Simu hiyo ilikuwa kwenye kopo la nyuzi chini ya kitanda. Aliitoa. Kioo kilikuwa na ufa, na mahali pa betri palikuwa patupu. Betri ilivimba, akaitupa mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Dada alimkuta ameishika mkononi.

"Unamtafuta nani humo?" dada akauliza.

"Hakuna," akajibu.

Wiki iliyofuata alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alitoa hoja. Aliandika kwamba kura ya Sina upande isihesabiwe tena kama mahudhurio. Anayetaka ahesabiwe, aseme Ndiyo au Hapana. Wengine waliunga mkono, wengine walisema kimya nacho ni haki ya mtu. Mmoja akaandika kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na watu wakacheka.

Siku ya kura aliiweka simu ile iliyokufa mezani, katikati ya taya mbili. Saa sita kasoro dakika tano, hesabu ilikuwa ishirini. Kasoro tatu, ishirini. Aliikazia macho simu bila kupepesa. Kioo kilibaki cheusi. Kasoro moja, kwenye simu yake ya sasa, mstari mpya ukatokea: Jirani. Sina upande.

Ndiyo zilikuwa nyingi zaidi, na hivyo kanuni ya kumfuta Jirani ikawa halali kwa sababu Jirani alikuja. Kimya angeweza kuficha, lakini karani ni karani. Aliandika matokeo kama yalivyo. Kisha alikaa, mikono mapajani, akijisikia kama mtu aliyemfungia mlango ndugu yake na ndugu mwenyewe akamsaidia kusukuma.

Jirani hakurudi tena. Kura tatu zilizofuata zikaanguka kwa kukosa watu.

Ya nne ilikuwa ya kumfukuza Babu, fundi mzee kuliko wote, aliyekamatwa akionyesha kazi za wengine kama zake. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, naye aliona aibu kusema. Kimya alimhurumia mpaka akakosa hamu ya kula. Asubuhi hiyo alikuwa ameingiza mikono ndani ya plasta hadi vifundoni, simu iko juu rafuni. Saa sita kasoro dakika saba aliinua macho kuitazama: Ndiyo kumi, Hapana kumi. Akanawa mpaka plasta yote ikatoka, akaishusha simu saa sita kasoro dakika tano. Akafungua jina lake mwenyewe, akabonyeza Hapana.

Simu ikajibu: Umeshapiga kura.

Alitazama tena. Hapana kumi na moja. Mstari wa mwisho ulikuwa na jina lake kamili, na saa: sita kasoro dakika sita.

Alitangaza matokeo. Babu amebaki. Baada ya muda mfupi Babu akamwandikia faragha. "Mwanangu, nimesoma ulichoniandikia jana. Nimefunga kitambaa chenye unyevu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto kama ulivyoniambia, na leo nimepanga meno sita bila kutikisika. Mungu akulipe."

Kimya hakuwa amemwandikia Babu neno. Na habari ya kitambaa alikuwa hajamwambia mtu yeyote, hata dada. Alianza kukifunga mwezi uliopita, mlango ukiwa umefungwa, mikono yake mwenyewe ilipoanza kutetemeka.

Alipandisha ukurasa juu. Barua ilikuwepo, imetumwa kwa jina lake, ndefu, yenye upole. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Hakuona neno ambalo angelibadilisha.

"Amina, babu," akaandika, akafua kitambaa chake, akarudi kwenye nta.