Omena Haianikwi Turkana

Nakumbuka siku moja ya Januari nilipokwenda kusukwa nywele nikaiacha nyumba nzima bila kitoweo. Mwanangu, usicheke. Leo umenionyesha mimi dani wako, bibi yako, taarifa ya hali ya hewa kwenye simu kwamba mwezi huu utakuwa mkavu, ukaanika omena, dagaa za ziwa letu, ukachukua mkoba, eti unakwenda Kisumu mpaka jioni. Nikakuuliza kama umesoma mpaka mwisho. Ukanijibu, "Dani, ni ndefu sana." Ndefu sana! Mtaniua nyinyi.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu niolewe hapa Asembo Bay. Mama mkwe wangu alikuwa mjane mwenye watoto sita nyumbani, na omena za siku hiyo zilikuwa za mwisho kabla ya mbalamwezi, wakati ambao hakuna anayezivua, maana hufuata taa gizani. Zilitakiwa kutulisha mpaka giza lirudi. Yeye alikwenda mazishini, akaniachia kazi mbili: nisikilize redioni hali ya hewa ya mwezi huo mzima, na nikae na omena. Tulikuwa tukizianika mchangani juu ya nyavu kuukuu, ili wingu likija ushike pembe, ukunje, ukimbilie ndani. Ni kazi ya macho na miguu tu.

Mtangazaji alianza na kaskazini, kule Turkana: kukavu. Akaja mashariki: kukavu. Mimi nikaona yanatosha, nikazima redio nikaenda kwa jirani kusukwa. Kumbe sisi tulikuwa bado kusomwa, na huku ziwani mvua ya alasiri haituachi hata mwezi ambao wenzetu wanakula vumbi. Saa tisa ikamwagika. Nilikimbia nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, nikakuta omena zimekuwa uji.

Mama mkwe aliporudi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, kwani hii omena unaanika Turkana?"

 Omena zilioza tukawapa kuku, na wale watoto sita wakala mboga ya sukuma tupu huku wakiniangalia. Aibu ile inaniuma mpaka leo. Mama mkwe aling'oa kitufe cha redio, akakifunga kwenye pindo la leso yake, na tangu hapo aliwasha mwenyewe na kuzima mwenyewe, ziwa likishasomwa. Alipofariki aliniachia mimi. Kiko hapa. Simu yako haina cha kung'oa, la sivyo ningekuwa nimeshaking'oa.

Basi nakwambia wazi, kwa sababu nimechoka kuzungukazunguka: soma mpaka ufike kwenu. Taarifa ya mwezi haitakwambia leo saa tisa kutakuwaje. Hiyo tafuta ya leo, halafu utoke nje ulitazame ziwa kwa macho yako. Na ukiondoka, mwachie mtu anayeweza kukimbia. Goti langu hili haliwezi tena.

Mungu akujalie jua la kukausha ulichoanika, mwanangu, na nyumba yako isikose kitoweo. Mkoba weka chini. Kisumu haihami.