Jogoo Anayeita na Mdomo Mtupu

Nyumbani kwetu Usevya tulikuwa na majogoo wawili. Mwekundu alishinda kila ugomvi, na akidonoa mchwa hakummeza. Alimdondosha, akamwinua tena, akiita ko-ko-ko mpaka tetea aje amle. Mweusi, ambaye kipigo kwake kilikuwa chai ya asubuhi, alijitenga kwenye pumba za mpunga na kuita vilevile, tena kwa sauti tamu zaidi, hasa tetea akiwa mbali. Mdomoni hakuwa na kitu. Tetea akikimbilia, anakuta jogoo ameshusha bawa, anamzunguka ampande.

Kaka yangu ndiye aliyenionyesha. "Usisikilize sauti, mdogo wangu. Angalia mdomoni." Tulicheka mpaka mama akatufukuza tukaanike mpunga.

Nilipochumbiwa na mwanaume wa Mpanda, ilibidi mtu wa nyumbani aende kwanza kuona ninakopelekwa. Baba alishafariki, akaenda kaka. Mwanaume yule alinipigia kila jioni: nyumba yake ya mtaa wa Mwamkulu imeshaezekwa, imebaki milango tu. Sauti yake niliipenda, sitaficha. Lakini niliapa kwamba sikubali mpaka kaka arudi na jibu.

Kaka akarudi na simu mpya, kubwa.

"Nyumba nimeiona kwa macho yangu," alisema. "Bati la msauzi kabisa, lile la bei. Nyie wanawake mnataka nini tena?"

Tulifunga ndoa baada ya mavuno, mume akatangulia mjini. Nikafika Mwamkulu na masufuria yangu kwenye bajaji. Kulikuwa na kiwanja, na msingi uliomezwa na majani. Pembeni kulikuwa na chumba cha kupanga, na mlangoni amekaa mwanamke ananyonyesha mtoto, akaniambia ni wa mume wangu.

Sikulia. Yule mwanaume aliita kama wanavyoita wenzake, na mwenye macho alipaswa kumwona. Mimi macho yangu nilikuwa nimemkabidhi kaka. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa naisikia tu kwa watu wazima.

Niligeuza na bajaji ileile mpaka stendi, nikarudi nyumbani. Kaka alikuwa uani.

"Kaka, uliangalia mdomoni?"

"Alisema atamalizia. Nikajua mkishaoana atajituma."

"Na simu?"

Akaisukumia mfukoni, kama vile sikuwa nimeshaiona. Nilitamani niitumbukize chooni, na yeye aifuate.

Imepita miaka. Yule mwanaume nimemsahau hata sauti. Kwa kaka kidonda bado kibichi, maana tulikula sahani moja tangu utoto. Jogoo mweusi naye alizeekea uani kwa mama, akiita mchana kutwa. Matetea walishamjua, hata shingo hawakugeuza.

Kaka bado huniita kwa upendo: "Mdogo wangu, njoo tule." Naenda, kwa kuwa ni kaka yangu. Ila nasimama kwanza mlangoni, namtazama mikono.