Tangi linagonga juu ya chumba cha mama mkwe

Tangi la maji moto la sola juu ya paa linagonga tangu adhuhuri.

Nimefungua mfereji, ukakohoa mvuke mtupu. Maji hayazunguki tena, na jua la Kinondo halina swichi.

Wageni wa matanga walipoondoka, maji hayakutumika tena, na hakuna aliyepanda kufunika paneli kwa mkeka ili yasichemke kupita kiasi. Hiyo ilikuwa kazi ya marehemu mume wangu. Alikuwa akipiga mluzi huko juu.

Mama mkwe amelala chumbani, chini ya tangi. Nimemwambia, "Mama, tafadhali utoke nje."

"Hilo aliliweka mwanangu. Halitanidhuru."

Fundi hashiki simu.

Mwenye ngazi ndefu aliye karibu, naomba aje sasa hivi kabla tangi halijapasuka. Kugonga kumekoma ghafla, na mama bado yumo ndani.