Siku Tuliyozindua Intaneti kwa Mkasi

Jamani, mkitaka kucheka chekeni mapema, maana mwanzo wake unachekesha kweli na aibu yake nimeshaizoea. Kinachonishinda mpaka leo ni kilichofuata.

Tulikuwa tumepanga kwa Mama Pendael, hosteli ya wanafunzi kule Makumira, nyumba ndefu nyuma ya migomba yake. Intaneti ilishuka kutoka antena ya paani kwake hadi kisanduku cha Wi-Fi juu ya kabati lake la vyombo, sisi huku tukaambulia mabaki, mpaka usimame bafuni ndipo upate (ndiyo, bafuni, na foleni ilikuwepo). Mimi fundi wa kujifundisha nikasema hapana, nikavuta waya mpya mrefu toka kwenye antena hadi hosteli, kisanduku nikakihamishia huku, na ule waya wa zamani nikaukata vipande nikagawa vyumbani. Anayetaka waya achomeke, asiyetaka atumie Wi-Fi. Kazi ilikuwa safi, hapo sijinyimi sifa.

Ningewasha tu, watu wakatumia, yangekuwa yameisha. Lakini mnatujua sisi, hata choo cha shule kina mgeni rasmi. Nikang'ang'ania lazima tuzindue, Jumamosi mchana, soda na biskuti, Mama Pendael mgeni rasmi, MC mwenyewe mimi.

Elirehema, tuliyekaa naye chumba kimoja, hakufurahi. Baba yake alikuwa amepelekwa India kupasuliwa moyo, na mchana huohuo, kabla mzee hajaingizwa chumba cha upasuaji, walipanga waonane kwenye kompyuta. Mjomba aliyemsindikiza mzee hakuwa na laini ya kule, walitegemea intaneti ya hospitali tu.

"Kaka, si tuzindue kesho?" aliniuliza.

"Ondoa shaka, Eli. Tunakata utepe, wewe unakuwa wa kwanza kutumia. Utamwona mzee utadhani yuko hapa sebuleni!"

Utepe wenyewe sasa hatukuwa nao. Nikachukua kipande cha waya kilichobaki nikakikatisha mlangoni, palepale ulipopita ule waya mrefu, na kwa kujifanya najua kupamba nikaviviringishia vyote maua ya bustanini mpaka vikaonekana kitu kimoja. Watu wamekaa, Eli yuko ndani na kompyuta mapajani, mimi natoa hotuba nimewapa mgongo mlango, "na sasa namkaribisha mgeni rasmi", na Mama Pendael na mkasi wake wa kushonea akakata kwa nguvu zote. Makofi! Vigelegele! Soda zinafunguliwa.

Ndipo nikasikia sauti ya Eli toka ndani, taratibu kabisa: "Kaka, imezima."

Nikageuka. Chini kulikuwa na ncha nne za waya. Mama Pendael bado kashika mkasi, ananiuliza, "Mwanangu, nimekata vibaya?" Watu walicheka hadi wakashika matumbo, na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe, nikacheka.

Vile vichwa vya kubana kwenye waya vilikuwa vimeniishia, na duka liko Arusha mjini. Eli, maana simu zetu zilikuwa za tochi, akakimbilia intaneti kafe ya Usa River, akakuta mlango umefungwa, mwenyewe ni Msabato, Jumamosi yuko kanisani. Mimi mjini nilikwenda na kurudi roho mkononi, na nilipounganisha ule waya, mzee alishaingizwa zamani. Kompyuta ikapata intaneti, ikaanza kulia tu, simu zote alizopiga baba yake zikajipanga, na chini yake ujumbe: "Mwanangu sikupati, najua una shughuli. Tutaongea nikitoka."

Hakutoka.

Tulimzika nyumbani kwao, juu kidogo kwenye mteremko wa Meru, na mimi nilishika koleo nikafukia mpaka mikono ikachubuka.

Tangu siku ile nyaya nimevuta nyingi, ni kuchomeka, kuwasha na kuondoka, na anayetaja uzinduzi namwambia atafute fundi mwingine. Hosteli nzima iliniita Mheshimiwa Mkasi mpaka tunamaliza chuo, hata Mama Pendael. Eli peke yake hakuwahi kuniita hivyo hata mara moja, na wallahi nilitamani sana aniite.