Chuma cha Kabla ya Mjerumani

Kwa miaka mingi nimekana kwamba mjomba wangu ndiye aliyewapeleka wachimbaji kwenye kilima cha ukoo wetu. Nilikana mbele ya mama na wadogo zangu, na nilipofika chuo kikuu kusoma historia, nikaanza kukana kwa maneno marefu zaidi.

Harufu ya mvua ya kwanza juu ya mawe hunirudisha kule, karibu na machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, likizo ile bibi aliponipandisha kilimani. Ardhi ilikuwa nyeusi, ikilia chini ya miguu kama tunakanyaga vigae. Bibi aliokota donge zito lenye matundu akaniwekea kiganjani. "Mavi ya chuma," alisema. "Babu zako waliyeyusha mawe hapa. Majembe yao yalifika Usukuma, vijana wakayatoa kama mahari. Mjerumani alikuwa bado hajaja." Sisi ni Wazinza, ukoo wa wahunzi. Zamani mwanamke hakuruhusiwa kusogelea tanuri, na mgeni hakuonyeshwa kabisa. Nilipomuuliza mbona sisi wawili tumepanda, alisema mwiko wa wanawake umezeeka kama yeye. Ule wa wageni bado una nguvu. Kisha akaninong'oneza lilikofukiwa tanuri la pili. Mjomba, kitinda mimba wake, alitukuta njiani tukirudi akanibeba mabegani, akinitania, "Mhunzi gani huyu anaogopa jongoo?" Sikumpenda mtu mzima yeyote kama yeye.

Likizo haijaisha, wachimbaji wakaja na sururu. Waliamini madonge yale ni masalia ya Wajerumani, na kwamba Mjerumani hakuondoka mahali bila kufukia dhahabu. Basi wakapasua tanuri la babu zetu wakitafuta sanduku lake. Bibi aliwaambia hakuna Mzungu aliyewahi kuwasha moto pale. Mmoja wao akamwamkia shikamoo, akamwambia kwa adabu zote, "Bibi, tumeelekezwa," kisha akaendelea kuchimba. Jioni ile bibi alimtazama mjomba muda mrefu, naye akaendelea kumega ugali. Mimi nikadakia kwamba wachimbaji wanajua kusoma mawe wenyewe. Hakuna aliyeniuliza.

Leo kilima ni shimo lenye maji ya kijani, na bata wa jirani wanaogelea humo. Nikisema mbele za watu kwamba tulifua chuma kabla ya mkoloni, hakosi mtu wa kuuliza ni Mzungu gani aliyetufundisha. Ushahidi niliowahi kuushika mkononi umesagwa, na elimu yangu yote haiwezi kuurudisha.

Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu kutoka Kharumwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaulizia watoto, kisha akashusha sauti. "Mama Neema, bibi alikupenda wewe. Hivi tanuri la pili alikuonyesha liko upande gani?"

"La nini tena, mjomba?"

"Kuna watu wamekuja na kipimo cha dhahabu cha kisasa. Lile la kwanza niliwaonyesha bure, ujana tu ule. Safari hii mimi na wewe tuwe wajanja."