Almasi ya Kioo na Doti ya Kanga

Wazungu wa filamu walipofika Tanga, kanga bado ilikuwa ya kupangia foleni. Mimi na wifi yangu, mke wa kaka, tulipata doti moja tu, tukaigawana kipande kipande.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kimaskini, kamera moja na gari la kuazima. Watu wanauana kwa ajili ya almasi, na almasi ni kipande cha kioo. Walitaka mwanamke wa kuuza mandazi sokoni, ambaye mwizi anaificha almasi katika beseni lake. Tulijitokeza wengi, mimi nimejipaka wanja tangu alfajiri. Wakamchagua wifi. Mtaa wetu mzima wa Nguvumali ukasema amezaliwa na nyota ya jaha. Roho iliniuma, sitaficha. Hayo mandazi nilimfundisha mimi kuyapika.

Walimtaka avae doti kamili, ya kujifunga na ya kujitanda. Akaja kuniomba kipande changu. Nikamwambia nimeshakichana nepi za mtoto. Kilikuwa sandukuni, kinanukia udi. Akasema haidhuru, akaenda na kanga kuukuu kichwani. Nilishinda nyumbani nikijitia hamnazo, na kila gari likipita natoka mlangoni.

Miaka ikapita, maduka yakajaa, kanga zikawa za kuchagua. Jirani yetu akanunua video, na alasiri moja ule mkanda ukafika. Tulijazana sebuleni kwake, kaka amekaa mbele. Niliomba Mungu wawe wamemkata.

Hawakumkata. Alitokea kichwa wazi, mabega wazi, kanga moja kifuani kama anayekwenda kuoga. Kumbe ile kuukuu waliikataa kwa kuwa haikufanana na ya chini, wakamwambia aivue, naye akaona haya kuwakatalia wageni. Vijana waliokuwa dirishani wakapiga mbinja. Kaka aliinuka akatoka, kiatu kimoja mkononi.

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Nilimnong'oneza wifi kwamba laiti siku ile ningekuwa nayo ile kanga, ningempa.

"Sanduku lako lilikuwa wazi, wifi," akasema, bila kunigeukia. "Miye niliiona. Sikutaka kukufedhehesha."

Wallahi, hata kwa hilo nilimwonea wivu.