Benchi la Baba Mkwe Mlangoni

Kiti nilichokalia miaka ile sitaki kukiona hata ndotoni. Kilikuwa cha mbao tupu, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, nikauwekea kipande cha gunia. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja pale Mugumu. Sitaitaja, na si kwa heshima, haistahili tu. Ilikuwa miaka ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Kutwa nilipiga chapa majina ya kaya za Machochwe na Nyambureti, karatasi tatu na kaboni mbili katikati, na nikikosea jina naanza ukurasa upya.

Chumba chetu kilikuwa na mlango mmoja. Mlangoni, kwenye benchi, alikaa tarishi wa ofisi, na tarishi huyo alikuwa baba wa mume wangu.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Asiye wa kwetu ajue hivi: mke wa mtoto hampiti mkwewe karibu, hamtazami usoni, wala hali mbele yake. Nyumbani haikuwa shida. Mzee akikohoa nje ya ua, mimi nazungukia nyuma, maisha yanaendelea. Ofisini hapakuwa na pa kuzungukia. Ujia wenyewe ulikuwa mwembamba. Kutoka kwangu kungenilazimu kupita magoti yangu yakigusana na yake. Basi asubuhi niliwahi kabla hajafika, na kazi ikiisha nilingoja aondoke. Katikati nilitoka pale tu alipotumwa kupeleka barua. Siku isiyo na barua nilikaa, na sikunywa maji, maana maji yanataka choo.

Mwaka wa pili mguu wa kushoto ukavimba hadi kiatu kikakataa kufungwa. Mganga wa zahanati, mtu mpole wa Morotonga, aliubonyeza kwa kidole, pakabaki shimo.

"Mama, wewe unakaa sana," akasema. "Kila saa inuka, tembea, hata kama ni kuzunguka nyumba tu. Damu inalala humu. Ukiendelea namna hii mguu utakuharibikia, na mimi sina dawa ya mguu ulioharibika."

Nikacheka, tena kicheko kibaya. Angeniambia niruke kama kunguru ningeona ananiagiza jambo rahisi zaidi.

Ndipo akaletwa mkuu mpya wa ofisi, mtu wa mbali, mwenye sauti ya mkutano wa hadhara hata akiomba wino. Siku ya kwanza alitutangazia kwamba ofisini kwake hakuna mila za kikabila, kuna kazi. Siku ya pili akaja na filimbi. Kukaa kutwa, alisema, kunamgeuza karani kuwa kupe. Kwa hiyo saa nne na saa sita filimbi italia, na makarani wote watatoka na kuzunguka jengo mara mbili, mchakamchaka, kwa wimbo. Tarishi peke yake atabaki kulinda mlango.

Inaniuma kukiri kwamba mtu yule alikuwa sahihi. Alichokiagiza kwa filimbi ndicho mganga alichoniagiza kwa upole. Lakini alimwacha mlangoni mtu mmoja, na ndiye yule yule.

Filimbi ya kwanza wenzangu walitoka, mimi nikabaki. Mkuu akaja dirishani kwa nje.

"Ndugu mpiga chapa, hiyo miguu ni yako au uliazima?"

"Naumwa mguu, ndugu."

"Unaumwa uvivu! Mwenye miguu mibovu anatembea inyooke. Kupe ndiye anayeng'ang'ania alipokaa."

Wakacheka. Wamo waliocheka ambao walijua vizuri kabisa kwa nini sitoki, maana ni watu wa kwetu. Hakuna aliyefungua mdomo. Kulisema jambo lile mbele ya mgeni kungemwaibisha mzee, na mgeni mwenyewe angeliita ukabila. Waswahili wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi haya hayakuwa yangu peke yangu kuyafichua.

Wale wenye kucheka niliwachukia kwa wiki moja. Mzee nilimchukia kwa muda mrefu zaidi, na ninaandika hivyo bila haya. Alikuwa pale pale, anasikia kila neno, anatazama vidole vyake vya miguu. Ng'ombe wake akichechemea alimtafutia dawa siku hiyo hiyo. Mguu wangu aliusikia ukitukanwa, akatulia.

Filimbi ya pili nikabaki tena. Safari hii mkuu hakupiga kelele. "Ukikosa kesho," akasema, "itatoka barua ya kukuachisha kazi. Na utaipiga chapa wewe mwenyewe."

Kesho yake saa nne filimbi ikalia, nikasimama. Mguu ulikuwa mzito kama gunia lililonyeshewa. Nikaenda mlangoni macho chini, nikiwa nimekwisha kuamua kwamba aibu na inikute. Nikasikia benchi linalia. Mzee alikuwa ameinuka. Akageuka akaweka uso ukutani, paji la uso karibu liguse chokaa, nami nikapita nyuma ya mgongo wake.

Mkuu alikuwa nje ya mlango, ameona. "Mzee, huko ukutani unatafuta nini?"

"Huyu ni mkwe wangu. Nampisha."

Mkuu akalitazama benchi, kisha ule ujia, akaitia filimbi mfukoni. Kabla ya saa sita benchi lilihamishiwa nje, upande wa masijala, na tangu siku ile nikawa natoka kila saa. Wenzangu wakamsifu mzee: kajishusha mbele ya watu, mzee mwenye hekima. Maneno matano! Miaka miwili ya mguu wangu, na dawa yake ilikuwa maneno matano na kugeuza uso. Nilizunguka jengo mara mbili, na mzunguko wa pili nililia kwa hasira. Mguu ulipungua lakini haukurudi ulivyokuwa. Mpaka leo nanunua viatu kwa kipimo cha mguu mbaya.

Jioni ya siku ile nilimpikia mzee mboga bila chumvi hata chembe. Mama mkwe akampelekea, naye akala yote, akarudisha bakuli tupu.